Jumanne ya Bamvua: kisa cha ratiba ya miezi mitatu katika maktaba ya mji mdogo Pemba

Maktaba ya kisa hiki haina jina, na mji wake pia hauna. Ni kisa cha mfano, kimejengwa kwa mambo ambayo mfanyakazi yeyote wa maktaba ya mji mdogo Pemba anayafahamu, na namba zake zimewekwa ili msomaji azilinganishe na za kwake. Chukua mji wa pwani wenye soko, diko (mahali wavuvi wanapotia vyombo vyao), skuli mbili, vyuo vya Kurani vitatu vilivyo karibu, na mashamba ya mikarafuu mwendo wa nusu saa kwa gari ya abiria. Maktaba ni ukumbi mmoja wa mita 9 kwa 6, viti 30, vitabu kiasi cha 4,000, wafanyakazi wawili na mlinzi. Hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, Jumatatu mpaka Ijumaa.

Ratiba ya Julai hadi Septemba ilikuwa na mambo manne: meza ya vitabu na mazungumzo ya Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, saa ya hadithi kwa watoto, kila Jumatano saa 10 alasiri, nusu saa baada ya muda wa kufunga, darasa la kina mama la kusoma na kutumia simu, kila Jumanne saa 4 asubuhi, na maonesho ya karafuu, Agosti yote na Septemba yote, pamoja na filamu moja.

Tarehe 7 Julai mlango ulikuwa na kufuli. UNESCO iliitangaza siku hiyo kuwa ya Kiswahili mwaka 2021, lakini kwetu 7 Julai ni Saba Saba, ofisi zimefungwa. Aliyepanga alinakili tarehe kutoka orodha ya siku za kimataifa, orodha ya sikukuu za Serikali hakuiangalia. Mzungumzaji alifika kwa wakati, akakaa barazani na mlinzi, wakazungumza Kiswahili wawili. Saa ya hadithi ilipata watoto wanne, na wawili kati yao ni wa mfanyakazi mwenyewe. Darasa la kina mama lilianza vizuri likayumba. Maonesho ya karafuu yalisifiwa na kila aliyeingia, watu wakapiga picha, na kwa miezi miwili mizima vitabu vitatu tu vikaazimwa kutoka kwenye meza ile. Filamu haikufika mwisho.

Ripoti ya robo mwaka ikaandikwa: "Mwamko wa jamii bado ni mdogo." Sentensi hii hupendwa kwa sababu haimgusi mtu na haidai kazi yoyote. Ubaya wake ni kwamba daftari la mahudhurio lilikuwa juu ya meza ya huyo huyo aliyeiandika, na daftari lilikuwa linasema jengine.

Daftari la Jumanne

Hizi ndizo namba za kina mama waliohudhuria, Jumanne baada ya Jumanne, kwa wiki kumi na mbili: 11, 2, 9, 1, 10, 3, 8, 3, 5, 4, 3, 6.

Ukizijumlisha na kugawa unapata watu watano na kidogo, na hapo ndipo ripoti ilipoishia. Ukizisoma kwa mfuatano, zinapanda na kushuka kama kitu kinachovuta pumzi. Wiki moja ukumbi unajaa, inayofuata hakuna mtu. Kina mama waliochoka na darasa hawarudi kumi baada ya kuja mmoja. Kuna kitu kinawachukua kila baada ya wiki, kisha kinawarudisha.

Kitu hicho ni maji. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka Pemba, wakulima wake wengi wakiwa wanawake. Mwani unafungwa kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi katika maji ya kina kifupi, na shamba halifikiki mpaka maji yakauke vya kutosha. Hilo hutokea wakati wa bamvua, siku chache kuzunguka mwezi mwandamo na siku chache kuzunguka mwezi mpevu. Na katika pwani zetu, maji ya bamvua hufikia ukavu wake wa mwisho baina ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana. Mkulima anashuka maji yakiwa yanatoka, saa 2 au saa 3, na anapanda yakiwa yanarudi, saa 7 au zaidi, nguo zimerowa na mzigo wa mwani wa kuanika uko begani. Darasa la saa 4 limewekwa katikati ya shamba lake. Kwenye maji mafu, siku zilizo katikati ya bamvua mbili, mambo ni kinyume: asubuhi bahari imejaa na mwani umezama, saa ile ile anaweza kukaa kitini.

Baina ya bamvua moja na nyengine kuna siku 14 na robo tatu hivi. Wiki mbili ni siku 14 kamili. Kwa hiyo Jumanne iliyoangukia maji mafu itafuatwa na Jumanne ya bamvua, halafu ya maji mafu tena, lakini kila wiki mbili ratiba inarudi nyuma kwa robo tatu ya siku. Haionekani mwanzoni. Mpaka wiki ya tisa imeshateleza siku tatu, ndipo zikaja zile 5 na 4, siku zisizo bamvua kamili wala maji mafu kamili. Baada ya hapo zamu zinageuka: wiki ya kumi na moja, iliyotarajiwa kuwa nzuri, wakaja 3, na ya kumi na mbili, iliyotarajiwa kuwa mbaya, wakaja 6. Hapo mfanyakazi aliyekuwa ameanza kuhisi mpango fulani akakata tamaa, akaona ni bahati tu.

Ndiyo maana dawa ya "tufanye kila baada ya wiki mbili" haitoshi. Itafanya kazi kwa miezi miwili kisha itaharibika bila mtu kujua sababu. Kinachotakiwa ni kupanga kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu, na kalenda yake imeshatundikwa karibu kila nyumba. Maji mafu hudondokea takriban tarehe 7 hadi 10 na tarehe 21 hadi 24 za mwezi huo. Chagua siku ya kazi iliyo ndani ya kila fungu, ikwepe Ijumaa, unapata madarasa mawili kwa mwezi. Mawili yenye watu kumi ni bora kuliko manne ambayo nusu yake mwalimu anaangalia ukuta. Kila darasa liwe la dakika 90 badala ya 60, kwa kuwa limepungua idadi. Na kama mji umegawanyika katika kuandama mwezi, tofauti ya siku moja haiharibu kitu. Fungu ni la siku nne, na bahari haisubiri tangazo la mtu. Kabla ya kupiga chapa, muonyeshe tarehe hizo mvuvi mmoja na mkulima wa mwani mmoja. Watazisahihisha kwa dakika mbili.

Sasa ndani ya darasa lenyewe. Kosa lililofichwa na yale mahudhurio ya kuyumba ni kwamba wengine walikuja mara moja na hawakuonekana tena hata siku za maji mafu. Hapa tatizo lilikuwa macho. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi jicho hupoteza uwezo wa kuona karibu, na maandishi ya simu ni madogo. Mama anashika simu mbali, haoni, anasema "sijui kusoma" kuliko kusema "sioni". Maktaba inatakiwa iwe na miwani ya kusomea isiyopungua sita, miwili miwili ya nguvu 1.5, 2.0 na 2.5, ndani ya kijisanduku mezani, itumike humo humo na kufutwa kwa kitambaa laini. Kwa wengine miwani hiyo ni nusu ya darasa.

Somo la kwanza lisiwe alfabeti. Liwe ujumbe wa fedha kwenye simu: nani katuma, kiasi gani, makato gani, salio gani, na kwa nini namba ya siri haitajwi kwa mtu, hata anayejitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu. Somo la pili, karatasi ya mizani: kilo, bei, jumla. Mkulima anayeweza kuzidisha kilo 43 kwa bei ya kilo moja mbele ya mnunuzi atarudi darasani. Watu 12 kwa mwalimu mmoja ndio kikomo. Wa kumi na tatu anabaki kuangalia mgongo wa mwenzake. Watoto wachanga watakuja na mama zao, tandika mkeka pembeni na uweke vitabu vya picha ambavyo huvionei huruma.

Jumatano saa 10

Saa ya hadithi ilikufa kwa sababu nyepesi zaidi. Skuli nyingi zina mikondo miwili, asubuhi na mchana. Mtoto wa mkondo wa asubuhi akitoka skuli anakula, na alasiri anakwenda chuoni. Wa mkondo wa mchana saa 10 bado yuko darasani. Jumatano saa 10 alasiri hakuna mtoto mjini aliye huru isipokuwa mgonjwa au mtoro. Vyuo vingi hupumzika kuanzia Alhamisi jioni na Ijumaa, na Ijumaa skuli hutoka mapema kwa ajili ya Sala. Ukiwauliza walimu wa vyuo vitatu vya karibu utapata saa moja inayofaa wote, mara nyingi Ijumaa baina ya saa 9 na saa 10:30 alasiri. Uliza kwa heshima na mapema, nenda mwenyewe, usipeleke barua. Mwalimu wa chuo akiridhika, yeye ndiye tangazo lako.

Hili lina gharama yake. Maktaba inafungwa saa 9:30, kwa hiyo mfanyakazi mmoja na mlinzi wabaki mpaka saa 11, na kibali cha saa hizo kiombwe kwa maandishi kabla ya robo mwaka kuanza. Ratiba nyingi hufa hapa: watoto wamepatikana, funguo haipo.

Kikao cha dakika 45 kinatosha. Vitendawili vitano au sita vya kuwakusanya, wakati wachelewaji wanavua viatu. Hadithi ya kwanza, dakika 10 hadi 12. Wimbo au mchezo mfupi. Hadithi ya pili. Dakika 15 za mwisho watoto waachwe na vitabu, na hizo dakika ndizo shabaha ya kikao. Hadithi ni chambo. Mikeka minne inabeba watoto 25. Wakizidi 30 tafuta msimuliaji wa pili na ugawe, wa miaka 5 hadi 8 ndani, wakubwa barazani. Bibi anayejua ngano anashinda kitabu chochote kwa kusimulia, na Kipemba chake kiachwe kama kilivyo. Kila "Paukwa!" anayoitoa itapata "Pakawa!" ya ukumbi mzima, jambo ambalo msomaji wa kitabu huku ameinama halipati. Ukitaka kumrekodi, muombe kwanza, umwambie sauti itawekwa wapi na nani ataisikia.

Kilichoharibika hata kwa wale watoto wanne ni kadi. Wote wanne walitaka kuchukua vitabu nyumbani, na hakuna aliyekuwa mwanachama. Fomu inataka saini ya mzazi, mzazi hayupo, kitabu kinarudi rafuni, mtoto anarudi nyumbani mikono mitupu, na wiki ijayo haji. Fomu zipelekwe skuli wiki mbili kabla, zirudi zimesainiwa. Kadi ziwe tayari mezani siku ya kwanza.

Meza ya karafuu

Haya yalikuwa maonesho mazuri kwa macho. Jamvi lilitandikwa juu ya meza, pishi ya kupimia ikawekwa, pakacha, picha za zamani za familia moja zikabandikwa ukutani, bakuli la kioo la karafuu mbichi lenye kifuniko, na vitabu kumi na mbili. Wiki ya pili bakuli likatoa ukungu. Karafuu mbichi ina maji mengi. Ukiifungia kwenye kioo inatoka jasho, na kwa joto letu ukungu hauhitaji wiki. Zioneshwe kavu tu, zilizoanikwa mpaka kikonyo kinavunjika kwa sauti, tena kwenye chombo kilicho wazi. Zisiguse karatasi: mafuta yake hupita na kuacha doa la kahawia. Wala zisiwekwe kwenye visahani vya plastiki ngumu inayong'aa. Mafuta ya karafuu hulainisha baadhi ya plastiki za aina hiyo, na asubuhi unakuta kisahani kimenata juu ya jamvi la watu.

Picha ziliharibika pia, na hilo ni kosa zito zaidi kwa kuwa zilikuwa za kuazima. Zilikuwa picha halisi, zimebandikwa kwa selotepu, mkabala na dirisha la magharibi. Jua la alasiri lilizichoma, na selotepu ilipobanduliwa ilitoka na ngozi ya picha. Picha halisi hairuhusiwi kupanda ukutani. Inapigwa nakala, halisi inarudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, na nakala inashikwa kwa pembe za karatasi au kibanio. Vitu vyote vya kuazima viwe na hati: jina la kitu, hali yake, picha yake, tarehe ya kurudishwa, saini mbili. Pishi ya babu ikipotea, familia hiyo haikanyagi tena maktaba, na ni haki yao.

Pini na stepla za chuma hushika kutu kwa hewa ya chumvi ndani ya wiki chache na kutia madoa. Tumia za shaba au vibanio vya plastiki. Ukuta wa chokaa haushiki msumari mdogo, unamomonyoka. Ni rahisi kupitisha kamba ya kuanikia baina ya kulabu mbili zilizotobolewa vizuri, kisha tundika kila kitu kwa vibanio vya nguo. Kusi ya Julai na Agosti itazipeperusha karatasi, kwa hiyo kila karatasi ibanwe juu na chini, kamba mbili.

Lakini haya ni ya fundi. Tatizo la msingi lilikuwa vitabu kumi na mbili, na saba kati yao vilikuwa na alama "hakiazimwi". Mfanyakazi alitafuta "karafuu" kwenye orodha, akapata vitabu viwili kwenye 633.83, namba ya viungo katika mpangilio wa Dewey wa rafu za maktaba, akajaza meza kwa kamusi elezo na vitabu vya rejea. Mbele yake akaweka kibao: "Tafadhali usiguse". Watu wakatii.

Maonesho ya maktaba yana kipimo kimoja kinachoyatofautisha na ya makumbusho: vitabu vingapi vimeondoka mezani. Meza ya karafuu inahitaji vitabu 40 vinavyoazimika, na maktaba ya vitabu 4,000 inavyo, ila haviko pamoja. Karafuu ni biashara, kwa hiyo pita 657 uchukue utunzaji wa hesabu za biashara ndogo. Ni hali ya hewa, 551.5, kwa kuwa mvua ya usiku mmoja juu ya karafuu zilizoanikwa inashusha daraja lake. Ni upishi, 641.5. Ni tiba, 615. Ni historia ya Zanzibar, 967.81, na ngano, 398.2, na riwaya zinazopita mashambani. Mkulima aliyevutwa na pishi anaondoka na kitabu cha hesabu, na binti yake anaondoka na riwaya. Andika kwenye daftari kila kitabu kimetoka rafu gani, la sivyo Oktoba itakuwa mwezi wa kutafuta.

Kuhusu upangaji: rafu ya sentimita 90 inabeba vitabu vitano tu vilivyogeuzwa uso mbele, kama kila kimoja kina upana wa sentimita 14 na nafasi ya sentimita 5 baina yao. Rafu tatu, vitabu 15. Vilivyobaki 25 vikae kwenye sanduku chini ya meza, na kila kinapoazimwa kimoja chengine kipande papo hapo. Pengo likiachwa, mtu huona haya kuchukua cha pili, kama kipande cha mwisho cha halua. Maandishi ya ukutani yasizidi maneno 50 kwa karatasi, herufi zisomeke kutoka hatua mbili, katikati ya karatasi iwe sentimita 145 kutoka chini kwa watu wazima, 105 kwa watoto. Mfano wa maandishi yanayotosha: "Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika zaidi, na kisiwa chetu kikawa ndicho chimbuko kubwa la karafuu za Zanzibar. Katika shamba lenu, nani alipanda mti mkongwe kuliko yote?" Chini yake weka kalamu na vikadi vya sentimita 10 kwa 15. Majibu yatundikwe kwenye kamba ile ile. Baada ya wiki tatu meza imekuwa ya mji.

Majira nayo yalipuuzwa. Mavuno yakishaanza Julai, mwezi wa Agosti na Septemba wachumaji na familia zao wanaweza kuwa kwenye madago, kambi za wachumaji huko mashambani, mbali na mji. Maonesho ya karafuu yalifunguliwa wakati wenye karafuu hawapo. Yangefaa Juni, watu wakiwa wanatayarisha majamvi. Msimu ukishaingia, maktaba iende dago: sanduku la plastiki lenye kifuniko, vitabu 25 (kumi vya watoto, kumi vya hadithi, vitano vya dini na afya), orodha imebandikwa ndani ya kifuniko, mtu mmoja wa dago ametia saini, muda siku 21. Vitabu viwili vitatu vitapotea au kuloana. Vihesabiwe kama gharama na pasitozwe faini, kwa sababu faini ya kwanza ndiyo sanduku la mwisho.

Filamu tuipitie haraka. Ilipangwa saa 9 alasiri kwenye ukumbi wenye madirisha ya luva pande mbili. Hakuna projekta ya kawaida inayoshinda mwanga huo. Umeme ulikatika dakika ya ishirini kwa sababu Tukuza, mita ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa imebakia uniti chache na aliye na fedha ya kununua alikuwa safarini. Na ruhusa ya maandishi ya mwenye filamu haikuwepo, wakati kuonesha hadharani ni haki inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya 2003. Filamu ifanyike baada ya Isha, barazani, kwa ruhusa, uniti zikiwa zimenunuliwa siku moja kabla. Au isifanyike, haikukosekana.

"10:00"

Tangazo lilipigwa chapa likiwa na jedwali zuri: "Jumanne 10:00", "Jumatano 16:00". Kina mama wawili walifika Jumanne saa 10 alasiri, wakakuta kufuli, wakarudi. Walisoma kilichoandikwa. Saa ya tangazo iandikwe kama inavyosemwa: "saa 4 asubuhi", pamoja na neno la wakati, kila mara. Siku iandikwe kwa jina na kwa tarehe zote mbili, ya Julai na ya mwezi wa Kiislamu, Mfunguo au Rajabu, wowote uliopo.

Matangazo yote matano yalibandikwa ndani ya maktaba na kwenye mlango wake, yaani kwa wale wanaokuja tayari. Karatasi za A3 zinazotakiwa ni kumi: soko, diko, kituo cha gari, hospitali, skuli mbili, kwa sheha (kiongozi wa Serikali wa mtaa), duka la vocha, na mbili za akiba kwa zile zitakazonyeshewa. Sheha apewe na maneno ya kutamka, sentensi tatu, kwa sababu atatangaza kwa mdomo. Msikitini omba litajwe tangazo moja tu, lile la watoto. Kwenye makundi ya simu tuma sauti ya nusu dakika. Picha ya tangazo yenye maandishi madogo haisomwi na wale wale tuliosema wanahitaji miwani.

Ratiba iliyopangwa upya

Meza ya Siku ya Kiswahili inapandishwa siku tatu za kazi kabla ya 7 Julai, na mazungumzo yanafanyika siku ya mwisho ya kazi kabla ya sikukuu. Kamba ya vikadi inaulizia maneno ya Kipemba ambayo vijana hawayatumii tena, na kamusi za BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, zinakuwa jirani ya kamba ili watu wabishane kwa ushahidi. Hadithi ni Ijumaa saa 9:15 alasiri, mara nane katika robo. Darasa la kina mama ni mara sita, zote kwenye maji mafu, na tarehe zote sita zinatangazwa kwa pamoja. Karafuu inahamia Juni. Agosti na Septemba ni masanduku mawili ya dago. Tarehe 8 Agosti, Nane Nane, haipangwi kitu.

Daftari linaongezwa safu tatu: tarehe ya mwezi wa Kiislamu, hali ya maji, na vitabu vilivyotoka siku hiyo. Bila safu ya maji, zile namba kumi na mbili zingebaki kuwa bahati.

Katika kalenda ya kawaida Ramadhani huja mapema zaidi kwa siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo ratiba hii haiwezi kunakiliwa mwaka ujao kama ilivyo. Kila robo inaanza na kalenda mbili zimewekwa ubavu kwa ubavu. Na Novemba ina lake. Watahiniwa wa kidato cha nne wanavikalia viti vyote 30 kuanzia asubuhi mpaka kufunga, na haifai kuwatoa kwa ajili ya kitu chochote. Mwezi huo mikeka itatandikwa barazani, upande wa ukuta, na kama mvua ya vuli itakuja na upepo, bibi atahamia na hadithi yake kwenye chumba cha mlinzi, kinachobeba watoto tisa.